Onyo ndani ya wimbo: Anayeelekea shimoni huambiwaje?

Na Mwandishi Wetu

WAHENGA walisema sikio la kufa halisikii dawa. Kwa karibu miaka mia moja sasa, wanamuziki wa Afrika Mashariki na Kongo wamekuwa wakiibishia methali hiyo. Wameimba ili sikio hilo lisikie kabla halijafa.

Nyimbo za kuonya zimo katika taarabu, katika muziki wa dansi na katika muziki wa kizazi kipya. Hadi leo husikika katika vipindi vya zilipendwa redioni, ndani ya daladala na hata kwenye kumbi za harusi. Ajabu ni kwamba nyingi huchezwa kuliko zinavyosikilizwa. Mtu huujua mdundo wote, huitikia kibwagizo kwa sauti, na asijiulize hata siku moja aliyekuwa akionywa ni nani na hatari yenyewe ilikuwa ipi.

Suala hilo si la watu wa fasihi peke yao. Nyimbo nyingi za onyo zilizotungwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 zinahusu Ukimwi, na anayezielewa vibaya anaweza kufanya uamuzi mbaya juu ya afya yake mwenyewe. Makala haya yanaeleza namna onyo linavyojengwa ndani ya wimbo, na mambo ya kuzingatia mtu anapolifasiri.

Kwa nini mwanamuziki hasemi waziwazi?

Katika mila za Waswahili, na za makabila mengi ya bara, mtu mzima hakemewi hadharani. Haki ya kumwambia mtu "acha" ina wenyewe: mzazi, mjomba, shangazi, somo, mwalimu au mzee wa mtaa. Anayejitwika haki hiyo bila kuwa nayo huambiwa kwamba anaingilia yasiyomhusu.

Ndiyo maana moja ya maonyo ya waziwazi zaidi katika ushairi wetu ni la mzazi. Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, ni wosia wa mama mgonjwa kwa binti yake. Mama yule hakuwa na haja ya kuficha neno, kwa kuwa alikuwa akisema na mwanawe.

Mwanamuziki hana udugu na wanaomsikiliza. Ukumbini mbele yake wamo wakubwa kwa wadogo, waume na wake zao, na pengine mwenye baa aliyemkodi. Akimnyooshea mtu kidole atazua ugomvi au atakosa wateja. Kwa hiyo hutafuta njia nyingine: husimulia kisa cha mtu mwingine, hutumia fumbo, au hujivika nafsi ya mtu ambaye tayari ameangamia.

Msikilizaji anayetaka kufasiri wimbo wa namna hiyo anaweza kuanza na maswali manne. Anayesema ni nani? Anaambiwa nani? Huyo anayeonywa amefika wapi safarini: hajaondoka, yumo njiani, au ameshaanguka? Na je, wimbo unamwonyesha pa kupitia, au unamtangazia shimo tu?

Kisa cha mgeni Zanzibar

Mfano wa zamani ni wimbo uitwao "Kijiti" wa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu aliyezaliwa Fumba, Unguja. Mwaka 1928 Siti alikwenda Bombay, India, kurekodi santuri, na sauti yake ikawa miongoni mwa sauti za kwanza za Kiswahili kuuzwa kwa njia hiyo. Alifariki dunia mwaka 1950.

Wimbo huo ulitokana na tukio la kweli. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam alitoka usiku kwenda kustarehe mjini Zanzibar, akauawa na mwanamume aliyemwamini. Muuaji alikimbilia bara. Wimbo unalalamika kwamba yeye alinusurika, ilhali wanawake waliofika mahakamani kutoa ushahidi ndio walioadhibiwa.

Tukitumia maswali manne, tunaona kwamba aliyeonywa hawezi kuwa yule mgeni, kwa kuwa ameshakufa. Anayeambiwa ni msikilizaji aliye hai, hasa mwanamke wa mjini anayetoka na watu asiowajua. Kisa cha marehemu kinatumika badala ya kidole, na hakuna awezaye kusema ametukanwa.

Lakini ukiusikiliza mara ya pili, unagundua hatari ya pili. Mbali na mwanamume mwenye nia mbaya, ipo mahakama ya kikoloni iliyomwacha mkosaji na kuwashika mashahidi. Anayeishia kwenye fasiri ya kwanza atasema wimbo unawakataza wanawake kutoka usiku. Anayeendelea atasikia lawama kwa wenye mamlaka, ambayo wakati ule ingekuwa vigumu kuitamka jukwaani bila kuifunika kwa kisa.

Ugonjwa uliokuja na majina ya mafumbo

Fumbo lilipata kazi kubwa zaidi ulipoingia Ukimwi. Wagonjwa watatu wa kwanza nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kufikia mwaka 1986 mikoa yote ya Bara ilikuwa imeripoti wagonjwa.

Kabla ya jina rasmi kuzoeleka, wananchi walikuwa na majina yao. Kagera ugonjwa uliitwa Juliana, kutokana na mavazi ya jina hilo yaliyokuwa yakiletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Waganda waliuita "slim", kwa jinsi ulivyomkondesha mgonjwa. Baadaye vijana wa mijini wakauita ngoma, umeme na miwaya.

Kulikuwa pia na mzaha uliosambaa Dar es Salaam na kwingineko. Herufi nne za jina la Kiingereza la ugonjwa huo, AIDS, zilipewa maana mpya: "Acha Iniue, Dogedoge Siachi." Watu walicheka. Hata hivyo, huo ulikuwa usemi wa mtu ambaye ameshaonywa, ameelewa, na ameamua kuendelea na safari.

Hapo ndipo ulipokuwa ugumu wa kazi ya wanamuziki. Hawakuwa wakimwonya asiyejua. Walikuwa wakimwonya anayejua na anayecheka.

Franco na Lutaaya: Kutoka "angalieni" hadi "mimi"

Mwaka 1987 Franco Luambo Makiadi, kiongozi wa TPOK Jazz, alitoa wimbo wa zaidi ya dakika 15 ulioitwa "Attention na SIDA". Neno SIDA ni jina la Kifaransa la Ukimwi, na kichwa chenyewe maana yake ni tahadhari. Wimbo huo, uliochanganya Kilingala na Kifaransa, ulivuka mipaka ya Kongo na kusikika sana katika eneo hili.

Franco alikuwa bingwa wa kuficha maneno. Safari hii aliyaweka wazi, akayageukia makundi ya watu moja baada ya jingine: vijana, walimu, madaktari na wenye serikali. Kila kundi lilipewa wajibu wake, na madaktari walikumbushwa kutowatupa wagonjwa. Alikuwa mtu mzima mwenye heshima kubwa, na alizungumza kama mzee wa ukoo. Alifariki dunia Oktoba 12, 1989 akiwa na umri wa miaka 51.

Mwaka huohuo wa 1989, Mganda Philly Bongoley Lutaaya, aliyekuwa akiishi Sweden, alitangaza hadharani kwamba alikuwa na virusi vya ugonjwa huo. Alizunguka Uganda akizungumza na wanafunzi na waumini, na wimbo wake "Alone" ukawa kama kumbukumbu ya safari hiyo. Alifariki Desemba 15, 1989.

Tofauti ya wawili hao ni ya nafsi. Franco alisema "angalieni", na msikilizaji aliyekuwa na ubishi angeweza kumjibu. Lutaaya alisema "mimi", na hakukuwa na la kumjibu. Onyo lake lilitoka kwa mtu aliyekuwa upande wa pili wa shimo, naye hakuwa akimhukumu yeyote. Alieleza upweke, kisha akawataka wengine wasimame pamoja.

Soksi ya Dokta Remmy

Tanzania mjadala mkubwa uliletwa na Ramadhani Mtoro Ongala, maarufu Dokta Remmy. Mzaliwa wa Kindu, Kongo, Remmy alifika Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, kisha akawa kiongozi wa Super Matimila. Eneo alilokuwa akiishi linaitwa Sinza kwa Remmy hadi leo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alipiga wimbo "Mambo kwa Soksi". Soksi hapo ni mpira wa kiume, yaani kondomu. Redio Tanzania Dar es Salaam haikukubali kuurusha hewani. Kwa wakati huo kikwazo hicho kilikuwa kizito, kwa sababu redio binafsi zilikuwa hazijaanza. Radio One ilikuja mwaka 1994. Wimbo uliishi kwenye kumbi na kwenye kanda, na kila mtu aliujua.

Inafaa kutazama kwa nini Remmy alichagua soksi. Ni kitu cha kawaida, kinauzwa sokoni, na kinatajika mbele ya mtoto na mkwe. Kila mtu anajua kwamba huvaliwa kabla ya kiatu, na kwamba anayeisahau hawezi kuivaa baada ya kiatu. Somo zima la kujikinga limo ndani ya kitu kimoja cha mguuni.

Methali husema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Katika wimbo huu fumbo lilifanya kazi mbili kwa pamoja. Lilifunga mlango kwa mtoto asiyepaswa kujua bado, na likaufungua kwa mtu mzima aliyekuwa akienda nyumbani na mwenzi mpya usiku uleule. Kicheko chake ndicho kilichoruhusu neno zito litamkwe pale ambapo aibu ingelizuia.

Jambo la kuzingatia ni kwamba kilicholeta ugomvi hakikuwa onyo lenyewe. Hatari ya Ukimwi ilikuwa ikitajwa na kila mtu, serikalini na kwenye nyumba za ibada. Remmy alipishana na wakubwa katika lile swali la nne, pa kupitia. Wapo walioona kwamba kuitaja kinga ni kuhalalisha uzinzi. Yeye alizungumza na mtu ambaye ameshatoka nyumbani na hana nia ya kurudi.

Remmy mwenyewe miaka ya baadaye aliokoka na kuingia katika muziki wa Injili. Alifariki Desemba 13, 2010. Ushauri wa soksi ulibaki katika lugha ya mtaani hata kwa watu ambao hawakuwahi kuusikia wimbo.

Kizazi kipya na sauti ya mgonjwa

Redio binafsi zilifungua njia kwa muziki wa kizazi kipya. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mwana FA, wakati huo akijulikana zaidi kama Mwanafalsafa, alitoa wimbo "Alikufa kwa Ngoma". Kichwa hicho kinaweza kumpoteza mgeni wa lugha, akadhani mtu amefia kwenye dansi. Kijana wa mjini alijua palepale kwamba ngoma ni Ukimwi, na maana zote mbili zilimfikia kwa pamoja: starehe na kifo katika neno moja.

Ferooz naye, akishirikiana na Professor Jay, alitamba na wimbo "Starehe". Humo msimulizi ni kijana aliyeambukizwa anayetazama nyuma maisha aliyoyaponda. Ni njia ya Lutaaya, ila hapa mwimbaji amejivika nafsi ya mgonjwa. Aliyewahi kupitia vituo vya daladala miaka hiyo anakumbuka jinsi wimbo huo ulivyokuwa ukisikika kila kona.

Nguvu ya wimbo wa aina hii ni majuto. Msimulizi hasemi "usifanye". Anasema "laiti ningalijua", na msikilizaji ambaye bado ana nafasi ya kugeuka hujikuta akiliingiza jina lake mahali pa yule anayelia.

Mahali fasiri inapopotea

Pamoja na sifa hizo, yapo mambo matatu ambayo huwapotosha wasikilizaji.

La kwanza ni kumtafuta mwingine. Wasikilizaji wa taarabu ya mipasho wamezoea kuuliza kijembe kimemlenga nani, na tabia hiyo huhamia kwenye nyimbo za onyo. Mtu husikia wimbo wa Ukimwi, akamkumbuka jirani, akatikisa kichwa kwa masikitiko na kuendelea na bia yake. Fumbo linamlinda mwimbaji dhidi ya ugomvi, lakini linampa pia kila msikilizaji mlango wa kutorokea. Njia ya kuliziba pengo hilo ni kuanza na nafsi yako: kama ni mimi ninayeimbiwa, nimefika wapi?

La pili ni kumgeuza mwanamke kuwa hatari. Katika nyimbo nyingi za aina hii mwenda hatarini ni mwanamume, na shimo ni msichana mrembo asiyejulikana alikotoka. Hali halisi ni tofauti. Tafiti za kitaifa nchini Tanzania, ukiwemo wa mwaka 2022/23, zimeonyesha kiwango cha maambukizi kwa wanawake kikiwa juu kuliko cha wanaume. Msichana anayeimbwa kama mtego mara nyingi ndiye anayepaswa kuonywa, pengine dhidi ya mtu mzima mwenye fedha anayeucheza wimbo huohuo.

La tatu, na ndilo zito kuliko yote, ni kuusahau mwaka wa wimbo. Franco, Lutaaya na Remmy waliimba wakati ambapo kuambukizwa kulikuwa sawa na kusomewa hukumu. Dawa za kufubaza virusi, yaani ARV, zilianza kutolewa bure nchini Tanzania mwishoni mwa mwaka 2004. Hata nyimbo zilizovuma mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilitungwa wakati wagonjwa wengi wakiwa hawajaziona.

Leo mambo yamebadilika. Utafiti wa mwaka 2003/04 ulikuta takribani asilimia 7 ya watu wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wakiwa na maambukizi Tanzania Bara. Ule wa mwaka 2022/23 ulionyesha asilimia 4.4 kwa wenye miaka 15 na kuendelea nchini. Anayepima mapema na kumeza dawa kama alivyoelekezwa anaweza kuishi miaka mingi na kulea wanawe. Virusi vikishuka hadi kutoonekana kwenye kipimo, na vikabaki hivyo, hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya kujamiiana.

Kijana aliyezaliwa baada ya 2004 hayajui mazishi ya kila wiki ya miaka ile. Akisikia kwenye zilipendwa kwamba aliyeupata ameshakufa, anaweza kufikia uamuzi wa hatari: kwamba hakuna haja ya kupima, kwa kuwa jibu likiwa baya hakuna la kufanya. Wimbo uliotungwa kumwokoa baba yake unaweza kumzuia yeye asiende kituo cha afya. Vilevile unaweza kumfanya amwogope mwenzake anayemeza dawa na ambaye hana madhara kwake.

Haimaanishi kwamba nyimbo hizo zifungiwe. Ugonjwa bado upo, watu bado wanaambukizwa, na hatari ya kutojikinga haijaondoka. Kilichobadilika ni mwisho wa hadithi. Mtangazaji anayezipiga hana haja ya mahubiri. Sentensi moja inatosha: wimbo huu ulitoka mwaka fulani, kabla ya dawa kupatikana, na leo anayejijua mapema hutibiwa.

Kipimo cha onyo jema

Maswali manne yanafaa hata kwa nyimbo mpya zinazoonya juu ya dawa za kulevya, kamari au safari za kwenda ughaibuni kutafuta kazi bila kujua anayekupeleka. Swali la nne ndilo linalopaswa kuulizwa kwa mkazo, kwa sababu hofu peke yake haimpeleki mtu popote. Mwenye hofu husimama, hukimbia, au hufumba macho na kuendelea.

Kwa mzazi, nyimbo hizi zinaweza kuwa msaada. Mambo ambayo baba au mama huona haya kuyaanzisha yameshasemwa na mwimbaji, na kijana ameshayasikia. Kinachobaki ni kumwuliza ameelewa nini, kumpa mwaka wa wimbo, na kumweleza kilichobadilika tangu hapo. Mwimbaji hakuwa na udugu wa kumwambia mtoto huyo "acha". Mzazi anao, na anaweza kumweleza pia zahanati iko wapi na kwamba kupima ni bure.